Mbwa mdogo anayeharisha mara kwa mara: alishwe nini, na kwa kipimo gani?

Swali: "Habari, daktari. Ninaishi Nakuru na nina mbwa jike wa aina ya Japanese Spitz anayeitwa Pamba. Ana miaka minne na uzito wa kilo tano. Kwa miezi mitatu sasa choo chake hakitulii: siku mbili huwa kizuri, siku ya tatu huwa laini chenye utelezi kama makamasi, na mara mbili nimeona michirizi ya damu nyekundu. Asubuhi hutapika povu la manjano kabla hajala chochote, ingawa baadaye hucheza kama kawaida. Anakula ugali na omena, mabaki yetu ya jioni na maziwa kidogo, na watoto humpa biskuti. Nilimpa vidonge vya amiba vya binadamu, akapata nafuu wiki moja, kisha tatizo likarudi. Jirani ameniambia nimfungishe siku nzima bila chakula. Je, nimlishe nini, na ni lazima ninunue chakula cha dukani cha bei kubwa?"

Jibu: Nzuri, mama, na ninakushukuru kwa kuandika mambo kwa utaratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali lako lenyewe. Nianze na yale mawili yanayokusumbua zaidi. Usimfungishe Pamba siku nzima, na si lazima ununue chakula cha bei kubwa, ingawa nitakueleza baadaye kwa nini chakula hicho, kwa mbwa wa kilo tano, si ghali kama kinavyoonekana rafuni. Anachohitaji kwanza ni vyakula vichache, vilivyopimwa, vinavyotolewa kwa saa zinazojulikana, na vinavyotoka mkononi mwa mtu mmoja tu.

Katika maelezo yako ninaona mambo mawili ambayo huenda hayana chanzo kimoja. Lile povu la manjano la asubuhi ni nyongo. Mbwa anayekula mara moja au mbili kwa siku, akamaliza chakula chake cha mwisho machweo, hulala na tumbo tupu kwa saa kumi na mbili au zaidi, na nyongo inayorudi tumboni kutoka utumboni humchokoza mpaka aitapike. Hali hii ni ya kawaida kwa mbwa wadogo, na kama baada ya kutapika mbwa hula vizuri na kucheza, mara nyingi huisha kwa kumpa mlo mdogo kabla ya kulala, tuseme saa nne usiku, na mwingine mapema asubuhi. Huo mlo wa usiku hauongezwi juu ya chakula cha siku. Unakatwa kutoka humo humo. Ukimpa hivyo kwa wiki mbili na povu lisikome, basi jambo hilo linahitaji kuchunguzwa upya.

Choo chenye utelezi ni habari nyingine. Utelezi, damu nyekundu kidogo, na mbwa kwenda haja mara nyingi huku akitoa kidogo kidogo na kujikamua, ni dalili za utumbo mpana uliochokozwa. Mbwa mwenye shida katika utumbo mwembamba hutoa choo kingi chenye majimaji, hukonda hata anapokula kwa uchu, na damu yake ikiwapo huwa imeshayeyushwa njiani, kwa hiyo choo huwa cheusi kama lami. Tofauti hii ina maana kubwa katika lishe, kwa sababu utumbo mpana huitikia vizuri nyuzinyuzi, ilhali utumbo mwembamba huhitaji zaidi chakula chepesi chenye mafuta machache. Hujaniambia kama Pamba amekonda. Mpime leo: simama juu ya mizani ukiwa umembeba, kisha usimame peke yako, na utoe tofauti. Andika namba hiyo mahali usipoweza kuipoteza, kwa kuwa tutaitegemea kuliko macho yako na yangu.

Kabla ya kubadilisha bakuli lake, naomba jambo moja lifanyike kwanza. Peleka choo chake kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe kikachunguzwe kwa hadubini, na kama inawezekana, chukua sampuli za siku tatu tofauti, kwa maana mayai ya minyoo na vijidudu vya jiadia havitoki kila siku. Safura, minyoo mviringo na jiadia vinaweza kuleta picha hii hii uliyoieleza, na hakuna wali wala kuku anayeweza kuviondoa. Ikiwa amepita mwaka bila chanjo, au kama unamtoa kupe mwilini, mwambie daktari pia, kwa sababu magonjwa ya kupe huanza kwa mbwa kukosa hamu ya kula na kutapika, watu wakadhani ni tumbo tu. Nimeona mara nyingi mbwa akibadilishiwa chakula mara nne, kumbe tatizo lilikuwa minyoo ambayo dawa ya siku chache ingeimaliza.

Sasa tuje kwenye bakuli. Jambo ambalo wenye mbwa wadogo hulisahau, nami nalitilia mkazo kuliko lingine lolote katika jibu hili, ni udogo wenyewe. Mbwa wa kilo tano aliyefungwa kizazi, anayeishi ndani na kutembea kidogo, huhitaji takriban kilokalori 375 kwa siku. Akiwa amelala tu, mwili wake hutumia kama 235. Chapati moja ya nyumbani iliyokaangwa vizuri inaweza kubeba kilokalori 300. Kwa hiyo mtoto anapomkatia Pamba nusu chapati kwa mapenzi, amempa karibu nusu ya chakula cha siku nzima, tena cha ngano na mafuta matupu, na bado bakuli lake la ugali linamngoja. Soseji moja iliyokaangwa ni vivyo hivyo. Kwa upande wa maji hali ni ya hatari zaidi: mbwa huyu huhitaji kama mililita 250 hadi 300 kwa siku, yaani kikombe kimoja cha chai kilichojaa, na akipoteza nusu lita kwa kuharisha na kutapika amepoteza asilimia 10 ya uzito wake, kiasi kinachoweza kumuua. Mbwa mkubwa wa kulinda boma huvumilia makosa ya jikoni yetu kwa sababu mwili wake una akiba. Mbwa mdogo hana akiba hiyo.

Ndiyo sababu sikubaliani na ushauri wa jirani yako, ijapokuwa ulikuwa ushauri wetu sisi madaktari kwa miaka mingi. Tulifundishwa kwamba tumbo linaloumwa lipumzishwe kwa saa 24, nami nilipoanza kazi niliwaambia watu hivyo hivyo. Leo tunajua kwamba seli za ukuta wa utumbo hujilisha kwa sehemu kubwa kutokana na chakula kinachopita ndani yake, na utumbo usiopitiwa na kitu hudhoofika na kuruhusu vijidudu kupenya. Watafiti wa Onderstepoort, Afrika Kusini, walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwamba hata watoto wa mbwa waliokuwa mahututi kwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, walipata nafuu mapema zaidi walipoanza kulishwa kidogo kidogo kwa mrija mapema, kuliko wale waliosubirishwa mpaka kutapika kukome. Tena kwa vitoto vya mbwa wadogo, vile vya kilo moja au mbili, saa chache bila chakula zinatosha kuishusha sukari ya damu hadi mtoto akalegea na kutetemeka. Kama mbwa mzima anatapika mfululizo, mwache bila chakula kwa muda wa saa nne hadi sita, si zaidi, kisha umpe kijiko kimoja cha chakula chepesi, na ukiona kimetulia umpe kingine baada ya saa moja au mbili.

Kuhusu ugali na omena, sitaki ufikiri kwamba umemdhuru mbwa wako kwa kumpa kile ulichokuwa nacho. Mbwa humeng'enya wanga uliopikwa vizuri, na omena ina protini nzuri. Tatizo ni mengine yanayoandamana nao. Omena ya kulishia mifugo mara nyingi huwa na mchanga, huanikwa chini, na mafuta yake huchacha ikikaa ghalani. Ugali unaokorogwa haraka kwa ajili ya mbwa huwa haujaiva, na unga wenyewe ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, yaani aflatoksini. Tangu wakati huo tumejifunza kukataa mahindi yaliyoota kuvu mezani petu, lakini katika nyumba nyingi mahindi hayo hayatupwi: husagwa kwa ajili ya kuku na mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathirika upesi na sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Mbwa aliyeacha kula, anayetapika, na ambaye ufizi na weupe wa macho yake umekuwa wa manjano, ni mgonjwa wa ini, na hapaswi kungoja mpaka kesho. Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: unga usioweza kumpikia mtoto wako, usimpikie mbwa.

Mabaki ya jioni ndiyo ninayoyashuku kuliko ugali. Mchuzi wetu haupikwi bila kitunguu, na kitunguu, kiwe kibichi, kimekaangwa au kimekaushwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kiasi cha gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kinatosha kuleta madhara, maana yake kwa Pamba kitunguu kimoja cha wastani kimeshafika hapo, na mchuzi wa familia una vitunguu vitatu au vinne. Hata kabla ya kufika kiwango cha sumu, kitunguu, pilipili na mafuta ya kukaangia huchokoza utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kuwa vipande vikali kama miiba. Mifupa laini iliyosagika huganda ndani ya utumbo mpana, na mbwa akajikamua kutoa choo cheupe kigumu kama chaki, kisha nyuma yake kikafuata choo chepesi chenye damu ambacho mwenyewe hudhani ni kuharisha. Maziwa nayo yaache kabisa kwa sasa. Mbwa wengi wakishakuwa wazima hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, ikabaki utumboni ikichachuka na kuvuta maji. Chai ya maziwa iliyobaki vikombeni ni mbaya zaidi, kwa kuwa imeongezewa sukari na kafeini.

Niongeze mambo mawili kwa kuwa unaishi Bonde la Ufa na labda una jamaa wanaochinja nyumbani. Mapafu na maini mabichi ya kondoo au mbuzi yasifike kwa mbwa kamwe. Ndani yake mnaweza kuwa na vifuko vya maji vya tegu mdogo ambaye mbwa humbeba bila kuugua, lakini mayai yake yakimwingia binadamu huota uvimbe mkubwa katika ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana wameteseka na ugonjwa huo kwa vizazi, na njia yake ni hiyo hiyo ya mbwa kupewa matumbo mabichi. Pia, ikiwa kuna makadamia nyumbani, weka juu: mbwa akizila hutapika na miguu ya nyuma ikamlegea.

Haya sasa ndiyo ninayotaka umpikie. Kwa siku tatu hadi tano za mwanzo, na kila choo kitakapochafuka tena, mpe kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi, bila chumvi na bila kitunguu, pamoja na wali mweupe uliochemshwa hadi ukawa laini kuliko mnavyoupenda ninyi. Kwa uzito wake, kipimo cha siku nzima ni gramu 60 za kuku aliyeiva na gramu 100 hadi 110 za wali ulioiva. Hiyo inampa takriban kilokalori 235, yaani kile mwili unachotumia ukiwa umepumzika, na kwa mgonjwa inatosha kwa kuanzia. Gawa katika milo minne: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Kila mlo utakuwa kama vijiko vitatu vya kula, na utaona ni kidogo mno, na yeye atakutazama kwa macho ya kulalamika. Usiongeze. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kwa sababu "konzi moja" ya mkono wako na "konzi moja" ya msaidizi wa nyumbani zinaweza kutofautiana mara mbili, na kwa mbwa wa kilo tano tofauti hiyo ndiyo inayoharisha.

Choo kikiwa na utelezi, ongeza nyuzinyuzi katika chakula chake. Kijiko kimoja cha kula cha boga lililochemshwa na kupondwa katika kila mlo kinatosha, bila sukari wala mafuta. Njia nyingine ni maganda ya mbegu za isabgol, yanayouzwa katika maduka ya vyakula vya Kihindi. Loweka nusu kijiko cha chai katika maji mpaka yavimbe kama uji, kisha changanya na mlo mmoja kwa siku. Yasitolewe makavu, kwa maana huvuta maji popote yanapoyakuta. Nyuzinyuzi za aina hii hukusanya maji ya ziada na kuwalisha vijidudu rafiki wa utumbo mpana, ambao nao hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Nimeona mbwa wengi wenye shida ya utumbo mpana wakitulia kwa hili peke yake.

Choo kikishakuwa kizuri kwa siku mbili mfululizo, usirudi ghafla kwenye chakula cha zamani, na wala usibaki kwenye kuku na wali miezi mingi. Huo si mlo kamili. Hauna kalsiamu, zinki, ayodini wala vitamini kadhaa za kutosha, na mbwa anayelishwa hivyo kwa muda mrefu huishia na mifupa dhaifu huku mwenyewe akijivunia kumpikia nyama nzuri kila siku. Hamia kwenye chakula cha kudumu kwa siku saba: siku mbili robo moja ya chakula kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, kisha chote.

Na hicho chakula cha kudumu ni kipi? Mbwa aliyeharisha kwa zaidi ya wiki tatu, ambaye minyoo na jiadia vimekwisha kuondolewa, anastahili jaribio la mlo wa aina moja. Zaidi ya nusu ya mbwa wenye tumbo sugu la namna hii hupata nafuu kwa kubadilishiwa chakula tu, bila dawa, na uzuri wake ni kwamba tumbo hujibu upesi, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, tofauti na ngozi inayohitaji miezi miwili. Jaribio hili lina sharti moja gumu: protini iwe ile ambayo hajawahi kuila. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyoongoza katika kuwasumbua mbwa, navyo vyote Pamba amevila kupitia mabaki na biskuti. Samaki pia amemzoea kwa omena. Wengi huniambia watampa mbuzi, lakini mbuzi na ng'ombe wana ukoo wa karibu, na mwili unaomkataa mmoja unaweza kumkataa mwenzake. Kwa hiyo mimi ningechagua sungura, ambaye hapatikani kila buchani lakini wafugaji wake hawakosekani Nakuru. Gramu 90 za nyama ya sungura iliyochemshwa na kutolewa mifupa, pamoja na gramu 220 za viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa, zinampa karibu kilokalori 370 kwa siku. Wiki mbili za hivyo hazitamletea upungufu.

Katika wiki hizo mbili, kisipite kinywani mwake kitu kingine chochote: biskuti, ukoko wa ugali, kipande cha mkate cha mlinzi wa lango, wala dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama. Najua ni rahisi kuandika na ni vigumu kutekeleza katika nyumba yenye watoto. Njia iliyowafaa wengi ni kuwapa watoto kazi badala ya kuwakataza: chemsha viazi vya siku, tenga vipande vidogo kumi katika kikopo, na uwaambie kwamba hivyo ndivyo "biskuti za Pamba", wanaweza kumpa wakati wowote, na vikiisha vimeisha. Hivyo viko ndani ya zile gramu 220. Mtoto anayejua kwamba biskuti yake inamuumiza tumbo rafiki yake huwa mlinzi mkali kuliko wewe.

Akitulia, utakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kumpikia, na hapo lazima kalsiamu iongezwe. Maganda ya mayai yaliyooshwa, yakachemshwa, yakakaushwa na kusagwa kama unga yanafaa: robo kijiko cha chai kwa siku ina takriban miligramu 500 za kalsiamu, kiasi kinachomtosha. Kwa madini na vitamini nyingine itabidi daktari wako akuandikie mchanganyiko maalumu wa mbwa, kwa kuwa vidonge vya vitamini vya binadamu havilingani na mahitaji yake. Njia ya pili ni chakula kikavu cha dukani, na hapa ndipo ninapotaka ufanye hesabu kabla ya kuogopa bei. Gramu 100 za chakula kikavu kizuri zina kilokalori 350 hadi 400, kwa hiyo Pamba anahitaji gramu 100 tu kwa siku. Mfuko wa kilo tatu unamtosha mwezi mzima. Ukijumlisha nyama, mafuta, gesi na muda wako, huenda ukakuta kwamba mfuko huo haukuzidi sana, na kwa mtu asiye na nafasi ya kupima na kupika kila siku, ni salama zaidi.

Unaponunua, soma maandishi ya mfuko. Pawe pameandikwa kwamba ni chakula kamili cha mbwa aliyekomaa, chanzo cha protini kitajwe kwa jina wala si "nyama na mazao yake" tu, na kwa mbwa wa hali ya Pamba nisingependa mafuta yazidi asilimia 12. Kaa mbali na chakula kinachopimwa kutoka gunia lililofunguliwa na kuuzwa katika mifuko ya plastiki, hata kama ni cha kampuni nzuri, kwa sababu mafuta yake yameshakutana na hewa, joto na panya kwa wiki ambazo hakuna azijuaye. Ule unga wa mbwa wa bei nafuu, ambao sehemu yake kubwa ni pumba, umekusudiwa kumshibisha mbwa mkubwa, na tumbo la kilo tano haliwezi kubeba wingi wake kufikia lishe inayohitajika.

Nisisitize kidogo habari ya mafuta, kwa sababu mbwa wadogo wana udhaifu mmoja unaowaua ghafla, nao ni kuvimba kwa kongosho. Baada ya Krismasi, Idi na harusi, sisi hupokea mbwa waliopewa mafuta ya nyama choma au ngozi ya kuku, wanaotapika mfululizo, hawagusi chakula, na ambao huinamisha kifua chini huku wakiinua nyuma kwa maumivu ya tumbo. Miniature Schnauzer ndio maarufu kwa hili kwa kuwa wengi wao huzaliwa na mafuta mengi damuni, lakini hakuna mbwa mdogo aliye salama. Aliyeugua mara moja hukaa kwenye chakula cha mafuta machache, aghalabu maisha yake yote. Wenye Yorkshire Terrier na Maltese nao wajue kwamba katika aina hizo utumbo unaweza kuvuja protini: mbwa hukonda mgongoni huku tumbo likijaa maji, au miguu ikivimba. Huyo hatibiwi kwa makisio ya nyumbani. Anahitaji kupimwa albumini, yaani protini kuu ya damu, na vitamini B12, kisha apangiwe mlo wenye mafuta machache sana.

Kuhusu vile vidonge vya amiba, tafadhali usivirudie. Yaelekea vilikuwa metronidazoli, na kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa mbwa wa kilo tano ni miligramu 80 kwa kila kilo, kiasi kinachoweza kuudhuru ubongo hadi mbwa akayumba na macho yake yakacheza. Hata kwa kipimo sahihi, dawa hiyo hufagia vijidudu rafiki pamoja na adui, choo kikakauka kwa siku chache, kisha utumbo uliobaki bila ulinzi ukachafuka tena. Ndicho ulichokiona. Siku hizi hatuwapi viuavijasumu mbwa wanaoharisha lakini wako wachangamfu, kwa sababu wengi wao hupona kwa chakula peke yake. Dawa za maumivu za binadamu kama diclofenac na ibuprofen ni hatari zaidi, kwani hutoboa tumbo la mbwa.

Anza basi na choo kupelekwa maabara, na siku hiyo hiyo uanze milo minne ya kuku na wali. Andika kila siku katika daftari: alichokula kwa gramu, hali ya choo, kama ametapika na saa ngapi, na uzito wake kila Jumapili. Baada ya wiki tatu niletee daftari hilo, au umpelekee daktari wa karibu nawe.

Yapo mambo ambayo hayangojei daftari. Akitapika hata maji, akitoa choo cheusi au damu nyingi inayofanana na jamu, tumbo likivimba na kuwa gumu, ufizi ukiwa mweupe au mkavu unaonata kidoleni, ngozi ya shingo ukiivuta ikachelewa kurudi, au akilala bila kuitikia jina lake, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kuharisha damu kwa ghafla huwapata mbwa wadogo kuliko wakubwa, na wale wanaowekewa maji ya mshipani mapema kwa kawaida hupona ndani ya siku chache. Ukiwa njiani, unaweza kumpa kijiko kidogo cha maji ya ORS kila baada ya dakika kumi na tano, mradi hatapiki. Beba pia kipande cha kile alichokula mwisho, au hata karatasi iliyokifungia, kwa kuwa hicho huenda kikamwonyesha daktari mahali pa kuanzia.